Pikapu ya Etabo na Macho ya Papa Asukulu

Jana, kabla ya maziko, nilichomelea msalaba wa kaburi la Papa Asukulu, na leo bega la kulia linaniuma kana kwamba nimebeba gunia la mihogo kutoka Baraka hadi Fizi. Vijana wa atelye, karakana yetu, walitaka kunisaidia, nikawafukuza. Niliwaambia kazi hii ni yangu, wao walete maji ya kunywa tu. Nilipomaliza wakaniuliza, "Mama Furaha, tuupake rangi gani?" Nikawaambia waache kwanza. Kisha nikaenda kuketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya waombolezaji, nikinuka moshi wa chuma, na mbele yangu akaja kuketi Etabo, mwanaume ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi, sasa anatembelea fimbo na meno yamebaki machache. Akanitazama, akasema, "Mama Furaha, unakumbuka ile pikapu?" Weh! Nikumbuke nini kingine? Siku hizi nimechoka, nasahau majina ya wajukuu, nasahau chumvi kwenye chungu, lakini mwaka wa ile pikapu siwezi kuusahau hata nikitaka.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Anayetaka hayo akawaulize shangazi zangu, wana muda. Inatosha kujua kwamba mwaka ule mashua zilikuwa zinarudisha watu Baraka kutoka ng'ambo ya ziwa, kwamba nami nilishuka kwenye mojawapo, na kwamba nilikuwa na binti yangu mchanga, Furaha, mgongoni, sufuria mbili na kinu chenye ufa. Mwanamke mmoja, Mama Nyota, alinionea huruma, akaniambia nipike chini ya baraza la atelye ya mume wake, wafanyakazi wa pale wakila nami nile. Mume wake ndiye Papa Asukulu. Atelye yenyewe ilikuwa nguzo sita na paa la mabati yenye matundu ya risasi, na jua lilipokuwa juu, vitone vya mwanga vilitambaa juu ya ugali wetu. Kulikuwa na jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku, mashine ya kuchomelea, na lundo la vyuma vya magari yaliyokufa wakati wa vita. Nilisonga ugali, nikatwanga sombe, yale majani ya mihogo, nikakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, na nikasikiliza. Wanaume wakishazoea mpishi, wanaongea mbele yake kama hayupo.

Kazi zao zilikuwa za kuchosha roho. Mlango wa duka uliong'olewa, kitanda cha hospitali kilichovunjika mguu, baiskeli, jembe, tena baiskeli. Papa Asukulu alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye mikono iliyojaa alama ndogondogo za cheche. Mwenzake Wilondja ndiye aliyekuwa na mdomo. Yeye alitania hata jenereta. Siku moja wakati wa kula, Wilondja alipokuwa anajisifia kiraka alichoweka kwenye tangi la maji la kanisa, Papa Asukulu akaacha tonge mkononi akasema, "Toka vita iishe tuko tunapachika tu. Kiraka, kiraka. Kufa tutakufa, batu baseme nini? Kwamba tulikuwa bafundi ba viraka? Mi nataka mara moja nitengeneze kintu kizima." Nilimwongezea mboga, maana sikujua la kumpa zaidi ya hilo.

Ndipo akaja Etabo. Wakati huo alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Lulimba, amevaa viatu vyeupe katika matope ya Baraka, na hilo tu lilitosha kukuonyesha ni mtu wa namna gani. Nyuma yake vijana walisukuma pikapu kuukuu ya marehemu baba yake, ambayo ilikuwa imelala porini tangu vita: haina kioo cha mbele, haina injini, haina sehemu ya mizigo, mabawa ya magurudumu yameliwa na kutu. Mfukoni alikuwa na ukurasa wa gazeti la picha, umekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Akaufungua kwa uangalifu juu ya pipa. Ilikuwa picha ya pikapu ya Ulaya au Marekani, sijui, lakini ilikuwa pikapu ya wazimu. Paa lake lilikuwa limekatwa na kushushwa hadi madirisha yakawa kama macho ya mtu anayesinzia. Injini ilikaa wazi mbele, haina kifuniko. Magurudumu ya nyuma manene, ya mbele membamba, na mabomba ya moshi yamelala ubavuni nje kabisa, yakimeta.

"Mukubwa, mi nataka hii," Etabo akasema. "Hii yenyewe."

Papa Asukulu aliitazama picha muda mrefu. "Hii gari iko mugonjwa? Juu ya nini inainama hivi?"

"Ni mtindo, mukubwa."

"Na injini haina kofia. Vumbi ya barabara ya Lulimba utaiambia nini?"

"Nitaweka kichujio. Nataka batu ba Lulimba bansikie kabla ya kuniona."

Wilondja akacheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilicheka, nikidhani Papa Asukulu atamrudisha kwao na picha yake. Kumbe yeye alikuwa ameshika ukurasa ule kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto amshike, na hacheki. Akasema, "Tutatengeneza." Kisha akaongeza, "Lakini rangi itakuwa buluu." Etabo akaruka: picha ilikuwa nyekundu, naye anataka nyekundu. "Nyekundu kwa hii barabara?" Papa Asukulu akamwambia. "Vumbi nyekundu, gari nyekundu, batu batazani ni udongo inatembea. Weka buluu, Etabo. Buluu ya ziwa mvua ikiisha." Wakabishana juu ya rangi kabla hata ya kukata chuma cha kwanza, na ubishi huo ukawa chumvi ya chakula chetu mwaka mzima.

Bati la kutengenezea mabawa mapya halikuwepo. Walipasua mapipa ya mafuta, wakayanyoosha, lakini kila walipojaribu kulipa bati lile tumbo, lile duara la kufunika gurudumu, lilijikunja kama karatasi. Wilondja aligonga juu ya jiwe, akagonga juu ya shina la mti, akatukana. Mimi nilikuwa natwanga sombe. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kelele zake zilinichosha. Nilimwaga sombe kwenye sufuria, nikafuta kinu changu chenye ufa, nikamwambia, "Lete hilo bati hapa." Nikaliweka juu ya mdomo wa kinu na kuanza kulishindilia katikati kwa mchi, polepole, nikilizungusha kama tunavyozungusha majani. Likaanza kuingia ndani. Likapata tumbo zuri, laini. Wilondja akaniangalia, akaangalia mikono yangu. "Eh! Mama Furaha, ile sombe ya kila siku imekupa mikono ya mwanajeshi." Kesho yake nilikuta mbele ya jiko langu mapipa yamepasuliwa yananisubiri, na Mama Nyota akatuma msichana jirani aje kuangalia ugali. Mabawa yote manne ya ile pikapu yalitoka kinuni mwangu. Hilo nawaambia hata leo vijana wangu, hawaamini, wanadhani mzee anajitungia.

Sasa nifike kwenye macho. Anayechomelea chuma anatakiwa avae barakoa yenye kioo cheusi, maana ule mwanga unaunguza jicho kuliko jua. Atelye ilikuwa na barakoa moja, ya tangu kabla ya vita. Mwanzoni mwa kazi ya shasi, ile mifupa ya chini ya gari, ilianguka juu ya chuma na kioo chake kikapasuka katikati. Kioo cha namna hiyo hakikuuzwa Baraka. Uvira labda, Kigoma labda. Basi wakafanya kama mafundi wengine wote wa kwetu: miwani ya jua miwili, mmoja juu ya mwingine, na mahali pagumu wanafumba macho na kuchomelea kwa kukumbuka. Saa ile hakuna kitu. Maumivu yanakuja baadaye, na asubuhi jicho linaamka limejaa mchanga wa moto.

Alfajiri moja Mama Nyota alibisha mlangoni kwangu akiwa na kijiko cha chai. Nyuma yake alisimama mume wake, kitambaa usoni, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. "Mama Furaha," akaniambia kwa aibu, "mi maziwa yangu ilishakauka zamani. Saidia baba yako." Kwetu kila mtu anajua dawa ya macho ya fundi: maziwa ya mama anayenyonyesha. Nikageuka ukutani, nikakamua kijikoni, na Mama Nyota akamdondoshea, jicho hili, jicho lile. Papa Asukulu akashusha pumzi ndefu. "Merci, mutoto yangu," akasema. Furaha akawa analia kwenye mkeka, anadai chake. Tangu siku hiyo nikawa mpishi, mponda bati na duka la dawa. Wilondja naye alikuja, na akiponywa anatania: "Furaha, tumekula sahani moja, sasa mi ni kaka yako." Siku moja nilipokuwa sokoni alijaribu maziwa ya ng'ombe ya wafugaji wa milimani, akapiga kelele ambayo nadhani waliisikia Kazimia.

Na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Maumivu ya macho yale yanaondoka yenyewe baada ya siku moja au mbili, kwa maziwa au bila maziwa. Hilo nilielezwa na daktari baadaye, wakati halina faida tena. Sisi tuliona amewekewa dawa, amepona, basi anarudi kazini, anaungua tena, anawekewa tena. Nilikuwa na fahari, sisemi uongo. Msichana wa mashua mwenye sufuria mbili, na mafundi wakubwa wa Baraka wanasubiri mlangoni kwake. Nilikula vizuri ili maziwa yasipungue. Nilidhani macho ya Papa Asukulu yako mikononi mwangu na mikono yangu inatosha.

Etabo tulimwagiza kioo. Alikuwa anavuka kwenda Kigoma kutafuta vitu vyake, na Papa Asukulu alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msaada: "Kioo cheusi, Etabo. Usisahau. Macho inaanza kunichoka." Akarudi na boti limejaa. Alishusha injini, magurudumu manene, vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa hadi unajiona pua, honi ya sauti tatu, usukani mdogo kama sahani, makopo ya rangi nyekundu. Akavipanga chini ya baraza, anacheka, anapiga honi kwa mdomo. Papa Asukulu akasubiri amalize. "Na kioo?" Etabo akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ee Mungu wangu, kioo!" Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ningepata pa kuweka hasira yangu. Alisahau tu, kama mtu anavyosahau kiberiti. Safari iliyofuata alileta kioo, lakini kilikuwa chepesi, unaona mchana kupitia humo, na Papa Asukulu alikivaa hivyohivyo juu ya miwani kwa kuwa hakutaka kumwaibisha kijana.

Paa waliliacha mwisho. Kulikata haikuwa shida: walikata nguzo zote za kibanda cha dereva, wakatoa kipande cha upana wa kiganja, wakalishusha paa chini. Shida ni kwamba nguzo za gari zimelala, haziendi juu wima. Paa liliposhuka, sehemu za juu na za chini zikapishana, kila upande nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikabidi kujaza kwa vipande vidogovidogo, na kila kipande kina mshono wake, na mishono mingine lazima fundi alale ndani chali na kuchomelea juu ya uso wake mwenyewe. Wilondja alijaribu, bati likatoboka. Etabo alitaka aingie nayo Fizi siku ya sikukuu ya uhuru, watu wote wakiwa barabarani.

Nilimwambia Papa Asukulu, na ilikuwa mara ya kwanza nimpandishie sauti. "Papa, ngojea kioo kizuri. Sikukuu itarudi mwaka kesho. Macho itarudi wapi?"

Alikuwa anachagua bageti, zile fimbo za kuchomelea, anazigusa moja moja kwa dole gumba. "Mama Furaha, hii paa nikiiacha, Etabo ataipeleka Uvira, bengine batamalizia. Itakuwa gari yabo. Mi nitakuwa nimeweka kiraka tena."

"Basi weka kiraka, uone!"

Akatabasamu. "Uko na maziwa, siyo?"

Nikasema ninayo. Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, na kwa sababu nilitaka iwe inatosha. Akaingia ndani ya kibanda, akalala chali, na mwanga ule wa buluu ukaanza kumulika madirisha membamba. Nilitwanga, nikapika, nikasonga, na kila nilipogeuka mwanga ulikuwa bado unamulika. Alifanya hivyo siku kadhaa. Kila alfajiri Mama Nyota alimleta kwa kumshika mkono, na kila alfajiri nilikamua hadi Furaha akikuta kifua kimelegea analia kwa hasira. Kisha asubuhi moja Papa Asukulu akaja akasema maumivu yamekwisha kabisa. Mshono wa mwisho ulikuwa umekamilika. Akanirudishia kijiko. "Sasa mupe mutoto," akasema. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu, nikampa Furaha titi akalala.

Wilondja na Etabo ndio waliopaka rangi, kwa bomba la kupulizia la kuazima, nyuma ya turubai. Papa Asukulu alikaa karibu kwenye kigoda, mikono magotini, anasikiliza mpulizo. Watu walidhani amechoka, na ni nani angemlaumu. Siku ya sikukuu turubai likavutwa. Jamani! Hata mimi niliyeponda mabawa yake sikuamini. Imelala chini kama mnyama anayenyemelea, injini wazi, mabomba ubavuni, vifuniko vya magurudumu vinang'aa, na umati wa Baraka ukapiga yowe. Papa Asukulu akasimama, akaenda hadi kwenye gari, akaanza kuligusa. Alipitisha kiganja kwenye bawa, kwenye mlango, akapanda nguzo, akafuata kila mshono wa paa kwa ncha za vidole. Wilondja akasema, "Tazama mukubwa anakagua." Alizunguka gari zima. Aliponifikia mimi niliyekuwa nimesimama nyuma na mtoto mgongoni, akaninong'oneza.

"Mama Furaha. Iko rangi gani?"

Jua lilikuwa kali. Gari lilikuwa mbele yake, nyekundu kiasi cha kuumiza. Nilitazama macho yake, nikaona nilichokuwa sikukitazama siku zote zile: katikati ya kila jicho palikuwa na weupe, kama maji uliyooshea mchele.

"Nyekundu, Papa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi Etabo alinishinda." Kisha akasema, "Usiseme leo. Leo acha bafurahi."

Sikusema. Etabo akamkalisha mbele, upande wa abiria, sisi tukapanda nyuma kwenye sehemu ya mizigo, na pikapu ikapanda vilima vya Fizi ikinguruma hadi ndege wakaruka. Vumbi lilitulemea, tukawa na rangi moja na gari, kama alivyosema. Fizi watu walijaa kando ya barabara, watoto wanakimbia, akina mama wanapiga vigelegele. Papa Asukulu alitoa mkono dirishani, akawapungia kwa tabasamu ambalo sijaliona usoni mwake kabla wala baada. Lakini alikuwa anapungia upande wa shamba la mihogo. Watu walikuwa upande wa pili. Nikainama kwenye dirisha la nyuma, nikamgusa bega. "Papa, bako kushoto." Akageuka, akapunga tena. Nililia, na vumbi likaficha.

Daktari alisema kioo cha jicho kimeungua mara nyingi mno na kimeota makovu, na kwamba maziwa hayakuwa yameponya kitu. Mama Nyota hakunilaumu, wala Papa Asukulu mwenyewe. Alikaa nyumbani majuma kadhaa, kisha siku moja akaja atelye kwa kupapasa ukuta, akaketi karibu na jiko langu, akasema, "Chukua ile posti." Posti ni ile mashine ya kuchomelea. Nilikataa. Akasema tena. Nilisema sitagusa hadi kioo kije, na safari hii Etabo alikifuata mwenyewe Uvira bila kuleta kitu kingine chochote. Papa Asukulu alinifundisha kwa masikio. "Sikia. Ikiimba sawa na ndagala mu mafuta, iko bien. Ikipiga kelele, uko mbali. Ikinyamaza, umekwama." Nani anajua sauti ya ndagala kwenye mafuta kuliko mimi? Aliketi kwenye kigoda kile miaka yote hii, anasikiliza kazi yangu, na nikikosea anakohoa. Pikapu ilikufa mapema, injini ilijaa vumbi la Lulimba kama alivyotabiri. Mlango wake mmoja sasa ni wa banda la mbuzi.

Etabo alinikumbusha hayo yote pale matangani, akalia kwa sauti kama mtoto. "Kioo," alikuwa anasema, "kioo tu." Nilimshika mkono. Nilikuwa nimechoka mno hata kumkasirikia, na nadhani miaka mingi tayari nilikuwa nimeacha.

Furaha amekuja kwenye msiba na mtoto wake kifuani. Leo asubuhi kijana mmoja wa atelye ameamka na macho yanatiririka, mkaidi, alivaa miwani ya jua, akamwendea Furaha na kijiko. Nimemnyang'anya kijiko hicho nikakitupa, nikampeleka hospitali nimemshika sikio. Kisha nimepita sokoni, nimenunua kopo la rangi, nikaenda makaburini peke yangu na brashi. Nimepaka msalaba pande zote, hata chini pasipoonekana. Nilipomaliza nilikaa pembeni ya udongo, mikono imechafuka, nikamwambia.

"Papa. Iko buluu."